Siku Niliyomkana Mama Mkwe Kwenye Bariere

Kuna siku moja ninayoikumbuka hata ninapokataa kuikumbuka, mwanangu. Leo imenijia tangu asubuhi, kwa sababu nimekusikia ukiuliza ni nani anashika njia ya Pinga na ni nani anashika huku. Watu wanapita hapa Kirotshe wakikimbia vita, magodoro kichwani, kila mmoja na habari yake. Mimi nakaa, nasimama, nachungulia barabarani, nakaa tena. Acha niseme, labda moyo utatulia.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, mzaliwa wa vilima vya Masisi. Mume wangu, Bahati, alitoka msituni, upande wa Walikale. Miaka ile pia nchi ilikuwa imekatwa vipande. Kwetu walitawala waasi, wana ofisi zao na muhuri wao; kwa kina Bahati ilibaki serikali na muhuri wake. Ukivuka kilima kimoja tu, karatasi yako halali inageuka kosa.

Nilipomzaa Neema, mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alitembea siku tatu kwa miguu kuja kumwona. Alipita njia za porini, amebeba samaki waliokaushwa kwa moshi na majani ya kuniogeshea. Alikaa nasi wiki mbili. Siku ya kurudi kwake, Bahati alikuwa amelala na malaria, nikasema nitamsindikiza mimi hadi kijiji cha mwisho cha upande wetu, Neema mgongoni. Njia za porini zilikuwa zimejaa maji, tukashika barabara kubwa. Huko ndiko waasi walikoweka bariere, kizuizi cha kukagua wapita njia, kamba imefungwa kutoka mti hadi mti.

Mkuu wao alisoma karatasi yangu, akanirudishia. Ya mama mkwe aliishika muda mrefu, akiutazama ule muhuri.

“Huyu mama anatoka kwa maadui,” akasema. “Iko nani yako?”

Niliwaza, wakinishika, mtoto atanyonya nini? Lakini sitakudanganya, mwanangu. Sikumfikiria mtoto peke yake. Nilijifikiria mimi.

“Simujui,” nikasema. “Tumekutana tu mu njia.”

Mama mkwe hakunitazama. Alikaa chini pale walipomwonyesha, akapanga miguu yake vizuri kama mtu aliye kanisani. Kamba ikashushwa, nikapita.

Nilitembea mbio, kisha polepole. Nilifika kwenye kijito, nikateka maji kwa kiganja, nikayamwaga. Nitamwambia Bahati nini? Nitasema mama yake nimemwacha wapi? Neema akaanza kulia, nikamnyonyesha nikiwa nimesimama, maana sikuweza kukaa. Kisha nikageuka nyuma.

Nilimkuta wanamwuliza upande ule kuna askari wangapi. Aliwajibu kwamba yeye anajua migomba yake tu. Nikasimama mbele ya mkuu.

“Nilidanganya, chef. Huyu njo mama ya bwana yangu. Alikuya kuona mutoto.”

“Ulidanganya mbele, ao unadanganya sasa?” alifoka.

Walitufungia wote kwenye darasa la shule iliyoachwa. Kila kiatu kilichopita nje nilidhani kinakuja kwetu. Hatimaye mama mkwe akamchukua Neema, akamweka mapajani, akasema bila ukali:

“Kuogopa haiko mubaya, mutoto wangu. Hata mie naogopa. Lakini pale kulikuwa muntu moja tu mwenye kunijua. Ni wewe.”

Mwanangu, nimepigwa maishani, nimekimbia vita, lakini hakuna kilichoniuma kama maneno yale.

Alasiri Bahati alifika anayumba kwa homa, pamoja na chifu wa kijiji chetu. Mpita njia alikuwa amewapa habari. Chifu alitoa ushahidi, wakabishana sana, mwisho mkuu akachoka na sisi. Mama mkwe alisukumwa upande wake, sisi upande wetu. Hatukuagana. Njia ikafungwa.

Ilipofunguka, Neema alikuwa na miaka minne. Mama mkwe alimpokea kwa mikono miwili, akatupikia, akacheka na kila mtu. Tulipokuwa tunaosha sufuria nikamwomba msamaha.

“Nilishakusamehe,” akasema. “Kusahau, hapana. Na wewe usisahau.”

Sikusahau. Sasa na wewe unafunga mzigo uende upande wa pili, na mihuri imebadilika tena. Sikuzuii. Wenye bunduki wataikata nchi, watataka karatasi hii leo na ile kesho, na huna nguvu ya kuwakataza. Ukiogopa, ngoja, zunguka, au rudi nyumbani, hakuna aibu. Nyamaza pale unapoweza kunyamaza. Ila usiwape mdomo wako ukate nao watu wako. Wakikuuliza huyu ni nani, na ni wako, basi ni wako. Na kama hofu itakushinda kama ilivyonishinda mimi, rudi siku hiyohiyo, kabla njia haijafungwa, maana mimi nilimkuta wangu baada ya miaka minne, lakini kuna ambao hawakuwakuta wao tena.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kila unaposimamishwa, auweke ulimi wako mnyofu na miguu yako myepesi, na akufikishe kwa watu wako wakiwa bado wazima.