Mama Mvuke Achagua Silaha

Kazini walimwita Mama Mvuke, na jina lilimkaa. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli kubwa, chumba kisicho na dirisha, mashine za kufulia upande huu, mashine za pasi upande ule, na katikati joto la kukutoa jasho hadi kwenye kucha. Aligusa shuka kwa mgongo wa mkono akajua kama imekauka sawasawa. Aliyekunja taulo ovyo aliambiwa pale pale, mbele ya wenzake, na baada ya hapo walikunywa chai pamoja wakicheka. Hivyo ndivyo alivyozoea kuishi na watu. Neno likisemwa, limekwisha.

Sasa mwanamke wa namna hiyo ukimweka nyumba moja na mkwe wake, unategemea nini?

Mkwe mwenyewe alikuwa fundi wa lifti, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusimama kila Mama alipoingia sebuleni, hata kama ana sahani ya chakula mapajani. Mama alikuwa amehamia kwao kwa muda tu, baada ya nyumba aliyopanga kuuzwa. Binti yake, muuguzi hospitalini, alimbembeleza akae moja kwa moja. Lakini mdogo wake Mama naye alikuwa na chumba kitupu upande wa pili wa mji, na kila wiki alipiga simu kuuliza, "Dada, unakuja au huji?"

Mama hakuwa na jibu. Binti alimtaka, hilo alilijua. Asilolijua ni kama mkwe alimtaka, na hapo ndipo alipogonga mwamba, maana mkwe ukimwuliza lolote anakujibu, "Ndiyo, Mama. Vizuri sana, Mama." Siku moja Mama alimtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, makusudi kabisa, aone atasemaje. Mkwe akainywa hadi tone la mwisho, akashukuru, akaosha kikombe. Mtu wa hivyo utajuaje kilichomo moyoni mwake?

Jioni, binti akiwa zamu, wawili hao walibaki sebuleni. Mama kwenye kochi na nguo za kushona, mkwe pembeni kwenye kompyuta, hedifoni masikioni, akicheza gemu lake. Lilikuwa gemu la mtandaoni, lenye ngome na majitu na mapango, ambamo watu wasiojuana hukutana na silaha zao na kupigana bega kwa bega. Mama hakulijali, hadi jioni moja mkwe alipofoka kwenye maiki:

"Wewe Kiroboto, una wazimu? Rudi nyuma! Nimekwambia rudi!"

Mama aliacha sindano hewani. Kumbe sauti anayo!

Basi hakulala vizuri kwa udadisi. Kesho yake akavuta kiti hadi kwenye kompyuta. "Baba, na mimi nifundishe."

Mkwe alisimama. "Wewe, Mama?"

"Kwani kuna mama mwingine humu ndani?"

Ikatafutwa kompyuta ya zamani ya binti, ikawekwa kwenye meza ya chakula, wakaanza kumtengeneza mpiganaji wa Mama. Alionyeshwa mchawi anayerusha moto kutoka mbali, akamkataa. Alionyeshwa mpiga mishale, akauliza huyo anamkimbia nani. Yeye alitaka wa kupigana uso kwa uso, anayemwona adui macho yake. Kwa hao kulikuwa na silaha za kuchagua na pointi za kugawa: nguvu, uhai, wepesi, na nyinginezo. Mama akazigawa sawa kwa sawa, kila kitu kidogo, kama anavyowagawia wafanyakazi wake zamu ili asinung'unike mtu.

"Nimepatia?" aliuliza.

Mkwe aliangalia kioo cha kompyuta, akameza mate. "Umepatia sana, Mama."

"Na upanga huu? Au nichukue nyundo? Au hivi visu viwili?"

"Vyote vizuri, Mama."

Akachukua upanga kwa kuwa uling'aa. Jina akaandika Mvuke.

Wa kumzibua masikio alikuwa Kiroboto, yule yule aliyefokewa, mtu ambaye mkwe alimjua kwa sauti tu. Pango la kwanza halijafika nusu, Kiroboto alishapandisha sauti kwenye spika. "Jamani, huyu Mvuke nani kamtengeneza? Hana nguvu ya kuua, hana uhai wa kuvumilia. Yupo yupo tu!"

Mkwe alikohoa. "Kiroboto, angalia lugha yako."

"Lugha gani? Anakufa kila mlango!"

Mama alitega sikio. Kweli alikuwa akifa. Wakati ule hakuwa na maiki, kwa hiyo alinyamaza, na walipozima akauliza, "Eti mpiganaji wangu ni mbovu?"

"Hapana, Mama. Ni bahati tu."

Jioni zilizofuata hakufa, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Akachunguza. Akaona mpiganaji wa mkwe anaacha kazi yake, anakimbia, anawafyeka maadui wote waliomwelekea Mvuke, kisha anarudi mbio. Mama alikuwa akipita kwenye mapango matupu, upanga mkononi, hana wa kumpiga. Alikuwa anatembezwa kama mgonjwa.

Ilimuuma. Si kwa ajili ya gemu, gemu ni gemu. Ilimuuma kwa sababu ya mdogo wake aliyengoja jibu. Mtu asiyeweza kukwambia kuwa upanga wako haufai, atakwambiaje kuwa umemchosha nyumbani kwake? Angeweza kukaa pale hadi uzeeni, akitabasamiwa na mtu anayehesabu usiku na mchana lini ataondoka.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alikaa juu ya rundo la mashuka machafu akamwandikia Kiroboto ujumbe wa gemu kwa simu: Mpiganaji wangu ana ubaya gani? Nieleze bila kunificha.

Kiroboto hakuficha. "Kaka Mvuke, wewe unapigana karibu, lazima uchague. Ama uwe mtu wa kupigwa usianguke, ama uwe mtu wa kuua kabla hujaguswa. Wewe umetaka vyote, ukapata vipande. Upanga wako wa kutundika ukutani."

Mama alicheka hadi msichana wa mashine ya pasi akaja kuchungulia. Akauliza habari za nyundo. Nyundo, akajibiwa, inachelewa kunyanyuka, lakini ikishuka kitu kinakwenda. Pointi zote ziende kwenye nguvu na uhai, wepesi ausahau. Na visu viwili? Hivyo ni vya mwenye mkono wa haraka na roho ngumu, maana vinaua upesi, ila ukikosea mguu umekwisha. Mama aliuliza hili, akauliza lile, mapumziko yakaisha anauliza. Akachagua nyundo, kwa kuwa alikuwa na hasira, na nyundo ni kitu cha mwenye hasira.

Ndani ya gemu kuna kisima ambacho ukizama unatoka na pointi zako zote mkononi, uzigawe upya. Jioni ile Mama alizama, akatoka na nyundo ndefu kumpita mwenyewe. Safari hii alikuwa na hedifoni zenye maiki, za binti.

Mkwe alipoiona nyundo, uso ulimkunjamana kidogo.

"Unaonaje?" Mama aliuliza, macho usoni mwake.

"Vizuri sana, Mama."

Uso ulikuwa umesema vingine kabisa, na Mama aliuona.

Wakaenda kupigana na jitu. Jitu lenyewe lilikuwa na mchezo mmoja mchafu: linanyanyua mguu, linangoja kidogo, linakanyaga, na aliye chini ya mguu habari yake imekwisha, na akifa mmoja wote wanaanza upya. Kiongozi wa kikosi, yaani mkwe, kazi yake ilikuwa kuwapigia kelele watoke. Kiroboto alifokewa, akatoka. Ikaja zamu ya Mama.

"Samahani Mama, kama inawezekana, naomba usogee kidogo upande wa..."

Puu! Mvuke chali.

Wakaanza upya. Mguu ukanyanyuka.

"Mama, shikamoo, yaani, samahani, nilikuwa naomba..."

Puu!

"Kiongozi, unatoa hotuba?" Kiroboto alilia. "Mwambie toka! Na wewe Mvuke, kwa nini unaitwa Mama?"

"Mimi ni mama mkwe wake," Mama akasema kwenye maiki.

Mpiganaji wa Kiroboto akapiga magoti papo hapo.

"Shikamoo, Mama," Kiroboto akasema.

"Marahaba."

"Mama, kuhusu ule upanga, unisamehe..."

Basi sasa wenye adabu wakawa wawili, na kikosi kikaangamia kwa heshima zote. Walipoanza tena Mama alikuwa ameshaamua. Kama mtu huyu ana sauti, leo itatoka. Waliposhusha uhai wa jitu hadi ukabaki wa kusukumwa na upepo, Mama akaenda akasimama katikati ya kivuli cha mguu, akakaa hapo hapo. Mguu ukanyanyuka.

"Mama," mkwe alianza. "Mama. Naomba... Mama, toka hapo! Toka! Nyundo yenyewe huiwezi, unainyanyua kama ndoo ya maji, kila mara unachelewa, na bado umesimama tu! Toka, utatuua wote!"

Mama akatoka. Mguu ukakanyaga ardhi tupu, na Kiroboto akalimaliza jitu kwa pigo moja.

Hakuna aliyeshangilia. Mkwe alikuwa amesimama, hedifoni shingoni. "Mama, nisamehe. Nimekukosea adabu."

"Kaa chini," Mama alisema. "Nyundo siiwezi?"

Mkwe alikaa taratibu. "Huiwezi, Mama."

"Ninaweza nini?"

"Visu viwili. Una mkono mwepesi, nakuona unavyoshona. Nilijua tangu siku ile ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje, Mama?"

Mama alivua hedifoni zake, akaziweka juu ya meza. "Na hapa nyumbani? Nimekuchosha?"

Mkwe aliangalia mlangoni, kana kwamba mkewe angetokea amwokoe. Hakutokea mtu.

"Pasi ya alfajiri," akasema. "Meza umeiegemeza ukutani kwetu. Kila ukiishusha pasi, kitanda kinatikisika."

"Ehe. Na nini tena?"

"Bisibisi zangu umezipanga vizuri mno. Sizioni tena. Na ile chai ya chumvi, Mama, nusura nitapike."

"Na nini tena?"

"Basi. Hakuna tena." Akasugua macho. "Lakini usihame. Kabla hujaja, mke wangu akiwa zamu, mtu wa kuongea naye alikuwa Kiroboto peke yake."

"Nawasikia," Kiroboto alisema kutoka kwenye hedifoni pale mezani. "Maiki iko wazi."

Mama alicheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha nguo alichokuwa akishona. Jana angeambiwa asihame, asingeamini hata kidogo. Leo aliamini, neno kwa neno.

Simu ikalia. Alikuwa binti, kapata nafasi kidogo kati ya wagonjwa. "Mama, hamjambo huko? Mbona sauti yako imekauka?"

"Mumeo amenigombeza."

"Amekufanya nini? Mama! Hebu mpe simu sasa hivi."

"Hana nafasi," Mama alisema, akijipangusa pua. "Ananichagulia visu. Wewe mpigie mama yako mdogo, mwambie kile chumba ampe mtu mwingine."