Siku Niliyokubali Kumfuata Yesu

Juzi, pale mtaani Birere, niliona vijana wageni wakishuka garini na gitaa, nikakumbuka alasiri moja kanisani kwetu Murara. Nilikuwa na miaka sita. Kanisa lilinukia mbao mbichi. Wageni kama hao walikuwa wametutembelea. Binti mmoja wao, wa ng'ambo, aliuliza swali, na mkalimani wao, papa mmoja wa kanisa letu, akatufasiria:

"Nani anataka kumufuata Yesu leo?"

Niliinua mkono. Papo hapo nikasikia gari lao likiwashwa uani, nikajua safari ya kumfuata Yesu ni sasa hivi. Binti alipokuja kunishika, niling'ang'ania benchi.

"Sitaki kwenda! Mama atabaki na nani?"

Hakujua Kiswahili. Alipiga magoti, akanikumbatia, akalia nami, akidhani ninatubu.

Mkalimani aliinama sikioni mwangu. "Mutoto, Yesu tunamufuataka hata tukibaki kwa mama."

Ndipo nikaachia benchi.