Mama Mkwe, Mimi na Gunia la Tremoso

Nilimfuma mama mkwe wangu, Felismina, akionja supu ya mume wangu kisha akaitema kwenye sinki.

Nikakausha, kama sijaona kitu.

Moyoni nikasema: kumbe ni huyu!

Mume wangu Adérito ana ugonjwa wa utumbo kuvimba. Daktari wa mjini Coimbra, huku kwetu Ureno, alimpa vidonge, akaanza kunawiri. Mara hali ikageuka: anatapika, mikono inamtetemeka, macho yana ukungu.

Kijijini kwetu dalili hizo hata mtoto anazijua. Ni tremoso chungu.

Hizi ni mbegu za njano, zinafanana na maharage. Bila kuandaliwa ni sumu. Tunazichemsha, tunazitia guniani na kulizamisha mtoni siku nyingi. Uchungu ukiisha ndipo tunakula.

Ghalani tulikuwa na gunia la mbegu kavu. Nikaona linapungua.

Mama mkwe hakunipenda tangu harusi. Lakini mwanawe wa kumzaa jamani?

Nikaanza kumchunga. Akiinuka, nainuka. Akienda mtoni, na mimi nina nguo za kufua.

Ajabu, naye ananikodolea macho vilevile.

Asubuhi moja nikasikia mlango wa ghala ukilia. Jikoni mama mkwe hayupo. Leo ni leo! Nikatoka mbio, tukagongana naye pale mlangoni pa ghala. Ana ufagio.

"Nimekukamata! Unataka kuniulia mwanangu!"

"Mimi? Nani anaonja supu na kutema?"

"Natafuta uchungu, mwanamke! Si wewe unayepika?"

Ndani mtu akakohoa.

Tukasukuma mlango. Adérito kachuchumaa kando ya kinu cha kusagia kahawa, masharubu yamejaa unga wa njano, kijiko cha asali mkononi.

"Redio ilisema," akababaika, "wataalamu Lisbon wanachunguza protini ya tremoso. Eti inatuliza utumbo."

"Ndio uzile kavu?" mama yake akauliza.

"Si mkiloweka nguvu yote inakwenda na maji?"

"Inayokwenda ni sumu, bwege wewe!" Ufagio ukatua mgongoni.

Tulimkokota hospitali, kila mmoja na bega lake. Alipona. Daktari alisema utafiti upo kweli, ila bado ni utafiti. Vidonge asiache, na mbegu kavu asiziguse tena.

Ndugu zangu, mgonjwa alikuwa na walinzi wawili. Tulilindana sisi kwa sisi, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye: "Baba, unakula nini?"