Sauti yenye ilituchezesha mu baridi

Siku zetu, weye mwenye tulikomala pamoja mu camp ya batumikaji, baridi ya Lubumbashi haikukuwa ya kuchekesha. Mwezi ya sita ikifika, mupepo ilitokeaka upande ya terril, ule mulima mweusi ya mabaki ya fonderi, inapita chini ya mulango bila kupiga hodi, inaingia mpaka mu mifupa. Maji yenye mama aliacha inje mu basine, asubuhi tulikutaka iko na ngozi juu, kangozi kadogo sawa kioo. Tunaivunja na kidole, tunaitia mu kinywa, kisha tunalia juu ya meno. Siku moja ku masomo balionyesha kaka yangu picha ya batoto ya Bazungu, beko banacheza mu kintu mweupe, bamevaa soksi mpaka ku mikono. Kaka akakuya kutueleza asema kwabo baridi inaangukaka toka juu, mweupe, inajaza lupango yote. Mama aliwaza kidogo, akauliza: "Na ile bunga yote, hakuna ata mumoja anasonga bukari?"

Sisi tulikuwa batoto mingi na bulangeti moja. Kubwa, rangi ya majivu, inakwaruza sawa ndevu ya baba. Mwenye kulala katikati alikuwa sultani. Mwenye kulala ku kando, mwenzake akigeuka tu, anabaki na baridi yake. Na mutoto ya mwisho, Monga, alikuwa na kifua yenye kupiga miluzi. Akikaa kimya mu baridi, anaanza kukohoa, na akianza kukohoa, mama anamubeba mbio ku hopitali na kikwembe bila kufunga muzuri. Njo sababu mama alikuwa na sheria yake: mwezi ya baridi, mutoto hakaake bule.

Aliwashaka mbabula inje, mu lupango, juu aliogopa ile moshi ya makala yenye kulalisha bantu. Kungojea makala ipate kuwa nyekundu, ilikuwa kazi yetu kutafuta moto mu mwili. Tulirukaka kamba, tulichezaka nzango, kupiga mikono na kutupa makulu, muguu kwa muguu, mpaka udongo inaruka. Kulikuwa na balo ya bitambaa yenye tulipiga mpaka inafunguka, kisha tunaanza kufukuza bitambaa. Na mama alikuwa na mambo yake mwenyewe. Anabakusanya badogo ku ukuta ya nyumba, anabaambia: "Hii ukuta inataka kuanguka kwa jirani. Musukume." Basi banasukuma. Banasukuma mpaka jasho inatoka, kila siku, na kila siku nyumba inapona. Miye mwenyewe nilikuwa musichana mukubwa na bado naamini asema bila sisi ile nyumba ingelikuwa chini. Kisha njo uji ya karanga, na kiazi ya mu majivu, yenye kuunguza ulimi na hakuna mwenye anangojea ipoe.

Miye sikuendaka ku masomo. Nilikuwa musichana wa kwanza, njo miye mwenye kubeba bengine ku mugongo. Lakini nilikuwa na masikio. Sauti ya muntu ikiingia mu masikio yangu, inatokea mu kinywa, ata sikuiita. Nilimuiga infirmière wa ku dispensaire, mwenye kusemea ku pua: "Fungua kinywa, nani alikuambia ukuye na mutoto muchafu?" Nilimuiga katekisti. Nilimuiga mbuzi ya jirani, na jirani mwenyewe, na batoto banasema sauti zabo haziachane. Mama alinibakisha mu ile kazi: "Numbi, weye ubachekeshe. Mwenye kucheka hasikiake mupepo."

Lakini hakuna sauti yenye ilibaamsha batoto sawa ya Tata Kifua. Tata Kifua alikuwa muntu ya parti, ile chama moja ya inchi yote, mu camp yetu. Jina yake ingine ilikuwa ndefu, sisi tulimuita vile juu kifua yake njo ilifikaka mbele, yeye anafika nyuma. Njo yeye alituitishaka ku animasio, ile ya kucheza na kuimba juu ya parti. Unamukumbuka vile alivutaka maneno, ata ile ya kutuita bananchi? "Ci-to-yens. Mikono juu. Kiuno ku kuume. Mbele ya parti, hakuna muntu wa kuchoka." Basi asubuhi, miye natia mikono nyuma, natosha kifua, naanza: "Ba-to-to ya baridi. Mikono juu. Mwenye kukohoa aruke. Mwenye kukataa uji yake alete huku, parti iko na njaa." Banaruka sawa karanga mu kikaango. Ata Monga, mwenye mama alimufungia ndani ya bulangeti sawa mukate, anatupa bulangeti, anaingia mu mustari.

Baba, mwenye alitumika ku fonderi, kule kwa kuyeyusha shaba, hakupenda. Baba alisemaka polepole, sawa muntu mwenye kubeba mayai. "Numbi. Punguza. Hii nyumba ni ya kazi. Ule muntu akijisikia mu kinywa yako, kesho tunalala ku barabara na bulangeti yetu moja."

Njo ikafika ile asubuhi. Baba alikuwa anarudia toka kuchota maji ku robine na ndoo, akamuona Tata Kifua amesimama nyuma ya lupango yetu, sikio mbele. Ndani, miye niko napiga kelele na sauti yake, batoto beko banakanyaga. Baba alisimama na ndoo ku mukono, hakuweza ata kuishusha. Tata Kifua akaingia.

"Citoyen," akamuambia baba, "ule bwana mwenye kuongoza animasio kwako, ni nani?"

Baba alimuangalia mama. Mama aliangalia mbabula.

"Ni muntu ya nyumba," baba akasema.

"Eko na sauti ya mukubwa. Nilisimama pale, baridi ikaniisha yote. Mu camp muzima sijasikia bado mwenye kusema muzuri vile." Akajigusa kifua. "Siku ya posho, mukubwa ya parti anakuya ku uwanja. Kila barabara italeta batoto yake bacheze. Wenye kushinda batapewa mabulangeti, ya mupya. Ule bwana akuye nabo."

Akaenda, kifua mbele.

Baba alikaa ku kiti bila kuangalia kama kiti iko. Mama, mu maneno yote ile, alisikia neno moja tu.

"Mabulangeti," akasema.

"Mama Numbi, hapana."

"Baba Numbi, kifua ya Monga. Na ule muntu alisikia sauti yake mwenyewe, hakuijua."

"Yeye hakuijua. Camp yote itaijua. Batacheka, ataelewa, njo mwisho yetu hapa. Numbi aongoze na sauti yake ya kweli."

"Na sauti yake ya kweli, batoto hawatainua ata kidole," mama akasema. Na ilikuwa kweli, tulijaribu. Niliita na sauti yangu, Monga akaniuliza kama niko mugonjwa.

Siku ya posho, toka jua haijatoka, batoto ya camp yote beko ku uwanja. Mukubwa ya parti akachelewa, unabajua. Mupepo inapita mu bashati sawa hakuna shati. Batoto balikuwa bamekauka. Barabara ya kwanza, mwenye kuongoza anaita, batoto banalia. Barabara ingine, batoto hawalie ata, banatetemeka tu, mikono mu makwapa. Mukubwa akafika, akakaa ku kiti na koti yake nzito, anapiga muayo. Pembeni yake mabulangeti yamepangwa, nyekundu, na mustari mweusi. Mama hakuangalia kintu ingine.

Bakatuita. Tata Kifua anatafuta ule bwana. "Eko wapi?"

Baba akanisukuma mbele polepole. Nilikuwa nimevaa triko yake, inafika ku magoti. "Njo uyu, Citoyen."

"Uyu mutoto?"

Nikatoka mbele. Nilifungua kinywa, na sauti ya Tata Kifua ilikuwa pale, tayari ku ulimi, kifua yangu imeanza kutoka yenyewe. Nikamuona baba. Alikuwa ameshika kofia yake na mikono yote mbili, anaikamua sawa nguo ya kufuliwa. Nikaimeza ile sauti. Nikasema na yangu: "Mikono juu." Batoto baliniangalia sawa mugeni. Na Monga akaanza kukohoa.

Njo ikatoka ingine. Sikuiita. Mukono ikaenda ku kiuno, kidevu ikaenda mbele.

"Weye Monga. Unangojea nani, jua? Jua nayo inasikia baridi, iko mu bulangeti yake. Inua ile makulu, si ya kuazima. Na bengine pale, munaangalia nini, nyumba inaanguka na mumesimama sawa bageni. Sukuma. Sukuma ukuta, jirani eko na batoto."

Ilikuwa sauti ya mama. Batoto balishituka sawa bamemwangiwa maji. Bote mikono mbele, bakasukuma ukuta yenye haikukuwako, hatua moja, hatua ingine, makulu inakanyaga pamoja, nami nabafukuza nyuma na maneno. Sasa batoto ya barabara zingine, nabo beko na bamama kwabo. Balisikia tu, bakaingia. Uwanja muzima inasukuma. Upande ya banamuke, kicheko ikaanza, banashikana ili basianguke, juu kila mumoja alijisikia mwenyewe. Mukubwa aliacha muayo katikati. Akasimama, akauliza hii kucheza inaitwa namna gani.

Tata Kifua hakukuwa mujinga. "Ni kusukuma maendeleo, Citoyen," akasema, kifua ikarudia fasi yake.

Mabulangeti tulipewa, moja kwa kila nyumba ya barabara yetu. Mama aliibeba yetu ku kichwa, na mabega sawa bibi-harusi. Njiani akaniuliza: "Numbi, ule mwanamuke wa makelele mwenye ulimuiga pale, ni nani? Ni ule wa ku robine?"

Baba alicheka mpaka akajitegemeza ku ukuta ya lupango ya bantu. Ile siku njo nilijua baba eko na meno mingi.

Leo baridi ni ile ile. Terril iko fasi yake, mupepo inajua bado njia ya chini ya mulango. Lakini angalia bajukulu yangu. Kila mumoja na bulangeti yake, laini, na picha ya simba juu, na kila mumoja na telefone ndani yake. Kidole tu njo inapata moto. Namuambia kijana: "Inuka ucheze." Ananijibu, kichwa hata hatoshe: "Kambo, niko nacheza balo." Wapi? "Mu telefone." Anafunga bagoli bila kutoka jasho, na kisha anasema amechoka. Nyumba zabo ni za buloko ya simenti, nguvu, hakuna mwenye kuombwa kuzisukuma. Na hakuna mwenye kuvuta bulangeti ya mwenzake. Usingizi yabo ni muzuri, sikatai. Lakini asubuhi kila muntu anaamuka peke yake.

Baridi hii yenye imepita, nilikuwa nimelala na miye, magoti inaniuma, jua haijatoka muzuri. Nikasikia toka inje: "Inua ile makulu, si ya kuazima." Nilitupa bulangeti. Nilikuwa nimeshasimama, natafuta ndoo, kinywa inajibu: "Nakuya, mama."

Nikafungua mulango. Ilikuwa Gloria, mujukulu wangu mudogo, amesimama mbele ya batoto ya jirani, mukono ku kiuno, kidevu mbele. Batoto banacheka, pua zabo zinatoka maji.

"Gloria, unaiga nani?"

"Weye, Kambo."

"Miye nasemaka vile?"

Batoto bote bakasema eee.

Nilibaki pale, makulu bila viatu mu baridi. Bulangeti ya simba ilikuwa ku kitanda, iko na moto bado. Sikurudia kuichukua. Nikaenda ku ukuta, nikatia mikono, bakakuya ku kila upande yangu, na Gloria nyuma yetu na ile sauti. Tukasukuma.