Maziwa ya Chelel

Mchana ule nilikuwa nimeketi juu ya gunia la viazi kando ya barabara, karibu na Molo, nikimlisha binti yangu, na wanaume wa kupakia lori walikuwa wakinicheka. Halikuwa jambo geni. Tangu Shiru azaliwe, badala ya kuniita Baba Shiru waliniita Mama Shiru, nami nilishachoka kukasirika. Shiru mwenyewe hakujali nani anaitwa nani. Alikuwa na miezi mitano tu, lakini aliishika chupa kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu hadi chuchu ya mpira ikajikunja. Alipoimaliza aliniangalia kama mtu aliyeibiwa, kisha akaanza kulia.

"Huyu atakumaliza," Kiprono aliniambia kutoka juu ya lori. "Mpe gunia moja ya viazi tuone."

Kiprono alikuwa jirani yangu. Tulilingana umri, na tulikuwa tumekua tukitenganishwa na ua wa miiba ya kayaba tu, wenye pengo ambalo hakuna aliyewahi kuliziba. Mama yake sote tulimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao, hata sisi ambao si wa kabila lao.

Mke wangu Njeri alifariki siku aliyomzaa Shiru. Nilirudi nyumbani na mtoto aliyefungwa kwenye shuka ya hospitali, bila kujua hata namna ya kumshika shingo. Kogo ndiye aliyenifundisha. Alinionyesha jinsi ya kuchemsha chupa, kudondoshea maziwa kwenye kifundo cha mkono kupima joto, na kumgonga mtoto mgongoni hadi acheue. Maziwa ya mkebe yalipokwisha na nikawa sina njia ya kupata mengine, alipita kwenye pengo la ua asubuhi moja akimvuta ng'ombe mweupe aitwaye Chelel, akamfunga bandani kwangu.

Kwao kuna desturi ya kumweka ng'ombe kwa mtu. Ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe, na ndama ni wake pia. Wewe unamtunza na kunywa maziwa. Akifa unapeleka ngozi, ili ijulikane kwamba hukumuuza. Kogo aliniomba nisilitangaze jambo hilo, kwa sababu mabinti zake walioolewa wangekuja kuuliza mbona wao hawakupewa. Kwa hiyo watu wa kwetu walipomwona Chelel kwangu walisema Mama Shiru amenunua ng'ombe, wakanipongeza, na Kogo akacheka sana nilipomsimulia. Alama ya mkato kwenye sikio la kushoto, alama ya ukoo wa akina Kiprono, hakuna mtu wa kwetu aliyeijua maana yake.

Shiru alinenepa. Nguo nilizonunua mwezi mmoja hazikumtosha mwezi uliofuata. Muuguzi wa kliniki alimpima, akampima tena, akaniuliza ninampa nini. Nilijivuna siku hiyo, sitaficha. Nilihisi kwamba Njeri, popote alipo, ananiona.

Kisha ukaja uchaguzi.

Matokeo yalipotangazwa tulikuwa tunasikiliza redio, kila mtu kwake. Kabla ya hapo tulikuwa tukisikiliza pamoja. Kesho yake moshi ulionekana kwenye mteremko wa juu. Watu wa kwetu walianza kubeba magodoro kuelekea kanisani, sokoni pale, na upande wa akina Kiprono tulisikia kwamba kila nyumba imetakiwa kutoa mwanamume wa kwenda kupigana. Nyumba ya Kogo ilikuwa na mwanamume mmoja.

Kogo alikuja alasiri, akapita kwenye pengo bila kubisha hodi. Aliniambia nimchukue mtoto niondoke sasa hivi. Nilimuuliza kuhusu Chelel. Alisema ng'ombe ana kwao, mimi ndiye sina tena.

Ningemsikiliza mara moja ningekuwa nimefika kanisani kabla ya jua kushuka. Lakini Shiru alikuwa ameamka na njaa, na Shiru mwenye njaa alisikika hadi kwa majirani wa tatu. Huwezi kupita njiani wakati kama ule na mtoto anayepiga mayowe. Nikamfunga mgongoni nikaingia bandani kukamua chupa moja ya safari.

Chupa ilikuwa imejaa nusu niliposikia filimbi.

Nilijitupa nyuma ya nyasi kavu, kwenye kona. Nikamtoa Shiru mgongoni nikampa chupa.

Alivuta.

Nje kulikuwa na miguu mingi. Paa la nyumba yangu lililia mabati yalipoanza kupata joto la moto. Nilielewa walichosema, maana lugha yao nimeisikia tangu utotoni. Mmoja alisema banda nalo lichomwe.

Mwingine akasema ngoja niangalie kwanza.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Kiprono.

Uso wake ulikuwa umepakwa udongo, mkononi ana upinde. Alimwangalia Chelel. Kisha akasikia mnyonyo. Kwenye banda lile hakukuwa na sauti nyingine, ni ule mnyonyo wa Shiru tu, chwi, chwi, na pumzi zake za puani. Alisogeza nyasi kwa mguu, tukaangaliana.

Chupa ikaisha. Shiru akakunja uso, akafungua mdomo.

"Mpe chupa," Kiprono alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili.

Nikairudisha mdomoni mwake ikiwa tupu. Akavuta hewa.

Kiprono akageuka, akawaambia wenzake kwa lugha yao kwamba humu hamna mtu, kuna ng'ombe wao tu, waje waone sikio. Mmoja alichungulia mlangoni, akaona ule mkato. Akasema huwezi kuchoma banda lililolaza mali ya ukoo. Kiprono akafungua kamba, akamtoa Chelel, akaurudishia mlango. Banda halikuchomwa. Nilisikia kwato zikitokomea upande wa mteremko wa juu, na maziwa yote ya mtoto wangu yakienda nazo.

Nilifika kanisani kupitia bondeni, kwenye baridi ile ya Molo inayogandisha umande. Uwanja ulikuwa umejaa watu, masufuria na kuku waliofungwa miguu. Shiru aliamka akalia, na kilio hicho hakikukatika. Nilimpa maji ya sukari, akayatema. Nilimpa chai ya rangi. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alimhurumia akamtolea ziwa lake, lakini Shiru alikuwa hajui titi. Alizoea mpira. Aliligusa kwa ulimi akageuza kichwa, akalia zaidi, na yule mama naye akalia. Kufikia siku iliyofuata sauti yake ilikuwa imekauka. Alifungua mdomo bila kutoa chochote. Hilo ndilo lililonitisha kuliko filimbi.

Jioni hiyo wanaume wa kwetu waliokuwa wametoka na mapanga kulinda barabara walirudi wakiimba. Mbele alikuwa Gathogo, mchinjaji wa sokoni, mtu mwema ambaye alikuwa akinipa mifupa ya supu bila kuombwa. Alikuwa anamvuta ng'ombe mweupe.

"Mama Shiru," alinikabidhi kamba. "Ng'ombe yako ndio hii. Mwenye alikuibia hataiba tena."

Watu walipiga makofi. Nilimuuliza walimkuta wapi. Alisema kwenye njia ya juu, jamaa mmoja alikuwa peke yake, amebaki nyuma ya wenzake kwa sababu ng'ombe alikuwa anatembea polepole, matiti yamejaa. Alisema walimtambua ng'ombe kwanza, hata kabla ya kumtambua mtu. Kila mtu sokoni alijua ng'ombe yule ni wangu.

Nilimwambia, mbele ya wote, kwamba ng'ombe hakuwa wangu. Nilimweleza ni wa nani, alivyokuja kwangu, na kilichotokea bandani. Gathogo alinisikiliza hadi mwisho. Alikaa chini kwenye nyasi, panga likiwa bado mkononi, akasema, "Lakini sisi tulijua ni yako." Alilisema tena, na mara ya tatu alilisema kana kwamba ananiuliza.

Shiru alikuwa mgongoni, ameulaza mdomo wazi begani mwangu. Chelel alikuwa analia kwa maumivu ya kiwele kilichojaa. Kamba ilikuwa na damu, na mikono yangu nayo ikashika damu ile, nikaenda kuinawa kwenye bomba la kanisa.

Kisha nikachuchumaa nikakamua.

Maziwa yalitoka moto. Shiru alikunywa chupa nzima bila kufumba macho, kisha nyingine, na ya tatu alilala nayo mdomoni. Yaliyobaki niliwagawia akina mama wenye watoto. Watu waliniambia nimshukuru Mungu. Nilimshukuru, nikarudi kwenye bomba kunawa mikono tena.

Tulikaa pale majuma mengi, baadaye tukahamishiwa Nakuru, ambako niko hadi leo. Shiru sasa ni mrefu kuliko mimi, na bado anakula kama mtu anayeogopa chakula kitaondolewa. Akinywa soda kwa mrija huwa natoka nje. Anadhani ni uzee.

Kabla ya kuhamia Nakuru, hali ilipotulia na barabara zikapitika, nilimrudisha Chelel. Padri alitaka kunisindikiza, nikakataa. Nilimfunga Shiru mgongoni, mzito kama gunia, nikapanda na ng'ombe hadi kwa Kogo. Nilipita palipokuwa nyumba yangu bila kusimama. Banda lilikuwa bado limesimama.

Nilimkuta ameketi mlangoni. Alikuwa amepungua hivi kwamba koti lilimkaa kama limetundikwa. Sikujua kama atanifukuza, na angenifukuza ningemwelewa. Alinyoosha mkono akashika sikio la kushoto la Chelel, akapapasa ule mkato kwa kidole gumba. Kisha akaniambia nimshushe mtoto apumzike.

Kwamba mwanawe aliuawa na watu wa kwetu alikuwa anajua. Kwamba aliuawa kwa sababu ya Chelel alikuwa anajua. Habari ya bandani hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwepo wa kumwambia, isipokuwa mimi. Nikamwambia yote, mlango, nyasi, udongo usoni, na yale maneno mawili. Alinifanya niyarudie yale maneno mawili. Shiru alikuwa ameshika pindo la gauni la Kogo, anajaribu kulitia mdomoni.

"Siku hizo hakurudi nyumbani," Kogo alisema. "Walikuwa wanalala huko msituni. Mwenye alikuwa anawapikia sijui." Alimtoa Shiru pindo mdomoni. "Wewe ndio ulimwona mwisho. Kiprono alikuwa amekula?"

Nimeulizwa mengi kuhusu vita vile, na polisi, na mawakili, na watoto wa shule wenye kazi ya kuandika. Hakuna mwingine aliyeniuliza hilo. Nilijaribu kuuona uso wake pale mlangoni, chini ya udongo, kama mashavu yalikuwa yameingia, kama midomo ilikuwa imekauka. Hadi leo najaribu.

"Sijui, Kogo," nilimwambia. "Nilikuwa naangalia chupa."