Mapengo Niliyoyasifu

Nimesoma chuo kikuu, kwa hiyo nikikutana na kitu nisichokielewa hukisifu. Ndivyo nilivyojiaibisha majuzi hapa Manika, mtaa wa wachimba shaba.

Kapend na Mbuyi walikuwa wakipiga vinanda vya umeme, wawili tu. Kaseti yao ya kwanza haikuwa na hata neno moja. Ya pili imejaa kuimba, na wengi waliinung'unikia: mashine inacheza vizuri, sauti za nini? Kapend akaniomba niisikilize, kisha niwaambie watu kwenye ukumbi wa parokia kama iko tayari kutolewa. Alikuja peke yake. Nikadhani mwenzake amelala.

Upande wa pili wa kaseti hiyo Kapend anaimba, halafu ananyamaza, kinanda kikiendelea peke yake kana kwamba kinangoja jibu. Nikafurahi kama mtu aliyeokota shaba njiani.

Siku hizi mgodi umesimama, kwa hiyo ukumbi ulijaa. Nikasema ukimya ule ni ujasiri, ni falsafa, na atakayeongeza neno ataharibu. Watu waliinamisha vichwa. Nikadhani wanatafakari.

"Tata profesere," Kapend akasema polepole, "ile fasi ya kimya ni ya Mbuyi. Tulikuwa tunamungoja aimbe, njo bakamupandisha mu treni ya Kasai."

Mtaa mzima ulijua. Hata mimi nilikuwa nimeziona familia zilizofukuzwa mkoani kwa kuwa asili yao ni Kasai zikilala stesheni na magodoro yao, nikapita.

"Sasa, tata, unasema hakuna kitu kinapunguka?"