Kaka Alipofukia Ukingo wa Kijito

Kaka yangu alifukia ukingo wa kijito wiki niliyokuwa kazini Same. Niliporudi nyumbani kwa mama, pembeni mwa mji wa Moshi, malori yalikuwa yameshamwaga kifusi. Matete yamefyekwa, mikuyu miwili imeng'olewa, na lile tope jeusi tuliloliogopa utotoni kwa sababu ya ruba limelala chini ya mawe.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha. Palikuwa mazalia ya mbu. Najenga vyumba vya kupangisha."

Kazi yangu ni kupima maji maabara. Kisima cha mama kiko mwisho wa shamba, karibu na kijito. Upande wa juu wa mteremko nyumba zimebanana, kila moja na choo chake cha shimo, na nyingi zina banda la ng'ombe. Uchafu wa huko hushuka chini kwa chini ukiwa umegeuka nitrati, kitu kisicho na rangi wala harufu. Visima vya juu nilivikuta na nitrati nyingi kila nilipopima. Cha mama kilikuwa salama. Kilichokilinda ni lile tope lililokitenga na nyumba hizo. Ndani yake hakuna hewa, na vijidudu wanaoishi kwenye mizizi na majani yaliyooza huigeuza nitrati kuwa gesi ikapotea. Hayo nilimweleza kaka zaidi ya mara moja. Alicheka tu: "Dada, tope ni tope."

Masika iliyofuata, vyumba vilikuwa vimeshapata wapangaji. Nikapima kisima. Nitrati ilikuwa imepita kiwango.

Nilitoka mbio hadi chumba cha kwanza. Mama mmoja kijana alikuwa akimkorogea mwanawe wa miezi miwili maziwa ya kopo.

"Maji ya kisima?"

"Ndiyo, dada, lakini nimeyachemsha."

"Kuchemsha hakuondoi nitrati. Ndiyo kwanza inazidi kukolea."

Nikayamwaga maziwa yale mlangoni. Aliniangalia kama mwendawazimu, mpaka nilipomwambia kwamba maji hayo yanaweza kumkosesha mtoto mchanga hewa kwenye damu, midomo ikageuka buluu. Akaanza kulia.

Jioni hiyo nilimkabili kaka mbele ya mama.

"Kila mtu kando ya kijito anajenga," alisema. "Kwa nini mimi tu?"

"Nimekunywa maji yale tangu nilipoolewa," alisema mama. "Wewe pia ndiyo yaliyokukuza."

Kaka alivuta bomba la maji ya mji, akaona amemaliza. Kifusi alikataa kukitoa. Mama akanikabidhi kipande cha ukingo kilichobaki bila kujengwa mbele ya kisima, na kila Jumamosi nakwenda na sururu kung'oa mawe na kupanda matete. Tope la namna ile halirudi kwa msimu mmoja. Huenda nikazeeka nikilisubiri.

Kaka hupita na kunipa pole ya kazi. Siitikii.